Nyumba ya Miti na Udongo Karibu na Stesheni ya Kilosa

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa mwaka wa waliosoma zamani shuleni kwetu. Mhariri ameniomba niyaandike kama nilivyoyasema. Nimeondoa vicheko tu.)



Mwaka jana aliyesimama mahali hapa alituzungumzia habari za mafao ya uzeeni, na wengi wetu tulisinzia. Mimi nitazungumza juu ya nyumba moja. Siyo Boma la Mjerumani, wala siyo nyumba ya mtu mkubwa. Ni nyumba ya miti na udongo, yenye vyumba sita, iliyoko Kilosa mjini, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka stesheni, pembeni mwa mtaa wa maduka ya zamani. Baadhi yenu mliomo humu mlikula ugali pale. Leo nusu ya nyumba ile imesimama na nusu imeanguka. Nusu iliyoanguka niliiangusha mimi, na kwa sababu hiyo nimeomba nafasi ya kusema.

Niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1972 nikitokea Mikumi, ambako baba yangu alikuwa kibarua wa reli. Nilikuja kwa treni ya tawi, ile ya mizigo na abiria pamoja, iliyokuwa ikisimama kila ilipojisikia. Mnajua kwamba upande ule wa Mikumi kuna kijiji kiitwacho Ulaya, na kila mwaka hakukosekana mwanafunzi mmoja wa kuandika barua nyumbani kusema kwamba amekwisha fika Ulaya. Mabweni yalikuwa hayatoshi, tukagawiwa kwa wenyeji mjini. Sisi watatu tukapelekwa kwa Bibi. Jina lake silitaji, maana sikuwaomba ruhusa wajukuu zake wote. Alikuwa ameketi barazani akichambua mchele. Akatutazama tangu kichwani hadi miguuni, akasema, "Leo nimepata waume watatu kwa siku moja, na hakuna hata mmoja mwenye viatu." Tulikaa naye miaka minne.

Sasa niwaeleze nyumba yenyewe, kwa vile vijana wengi wa leo mmezaliwa katika nyumba za matofali ya saruji, na hii hamwijui.

Mbele kuna baraza ya udongo, iliyoinuliwa kiasi cha goti. Mlango mkubwa uko katikati. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, na kila upande wa ukumbi kuna vyumba vitatu. Nyuma ni uani: jiko, stoo, bafu na choo, vyote vimezungushiwa ua. Milango miwili ile inatazamana, kwa hiyo ikifunguliwa yote upepo hupita katikati ya nyumba, na saa nane mchana, Kilosa inapochemka kama chungu, ukumbini kuna baridi. Tulisomea pale chini, juu ya mkeka.

Lakini ramani ile ilikuwa na kazi nyingine. Mtu asiyejulikana huishia barazani. Jirani hufika ukumbini. Ndugu na mwanamke mwenzake Bibi hupita mpaka uani. Mkaguzi mmoja wa shule alipokuja kuona tunakaaje, alipewa kiti barazani, akanyweshwa chai barazani, akaaga barazani. Akaandika kwamba makazi ni mazuri. Uani hakukuona kamwe, na huko ndiko tulikokuwa tukikaanga samaki wa wizi kutoka Mkondoa.

Ramani hii haikuzaliwa Kilosa. Ni ya pwani. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda walikuwa na majengo yao, hasa ya msonge. Ukipanda na reli kuelekea magharibi, ukaingia Mpwapwa na Ugogo, zamani ulikuta tembe, yaani nyumba ya paa bapa la udongo. Kilosa iko mpakani. Mvua za milima ya Usagara ni nyingi mno kwa paa la udongo: tembe la Mgogo likijengwa Kilosa lingeyeyuka masika ya kwanza. Hapa lazima paa liwe la mgongo, lenye kumwaga maji upesi na kuyatupa mbali na ukuta. Nyumba ya pwani ina paa la namna hiyo, na ndiyo maana ilipofika hapa ilikubalika.

Ilifika kwa miguu. Misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika bonde la Mkondoa. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Kila kituo kikubwa cha misafara kilipata watu wa pwani waliobaki, au watu wa bara waliokwisha kuiona pwani, nao wakajenga kama walivyoona. Halafu akaja Karl Peters mwishoni mwa mwaka 1884 na karatasi zake, na habari za Mangungo wa Msowero kila mwanafunzi wa wilaya hii anazijua, kwa hiyo sizirudii.

Kilichoifanya nyumba ya vyumba sita iwe nyumba ya mji ni reli. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kilosa, iliyo katikati ya Morogoro na Tabora, ikapata stesheni, ikapata vibarua. Mwaka huohuo wa 1907 tajiri Mjerumani aliyeitwa Otto, mwenye viwanda vya nguo kwao, alifungua shamba kubwa la pamba Kilosa. Baadaye mkonge ukatawala Kimamba. Kibarua wa namna hii hana shamba hapa wala ukoo hapa. Anataka chumba kimoja, mkeka, na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba akikaa vyumba viwili, anapangisha vinne. Kwa hiyo ile nyumba ilikuwa ndiyo pensheni yao. Bibi alikuwa akisema kwamba yeye hakulima pamba hata siku moja, alilima wapangaji.

Ilijengwa lini? Hati haipo. Bibi alisimulia kwamba aliyeijenga ni babu yake mzaa mama, aliyekuja Kilosa na mzigo kichwani na kuondoka hakuondoka. Mama yake, yeye Bibi, alikuwa mtoto mdogo aliyefichwa chini ya kitanda, katika chumba cha pili kushoto, siku majeshi ya upande wa Mwingereza yalipoingia mjini. Hiyo ni Agosti 1916. Basi wakati huo nyumba ilikwisha simama. Kwa upande mwingine, kizingiti cha juu cha mlango wa uani ni kipande cha reli. Nilidhani kiliwekwa baadaye, maana watu hufanya hivyo. Lakini nilipokitazama vizuri niliona kwamba miti ya ukuta imefungwa kukizunguka tangu mwanzo, kamba ile ile, fundo lile lile. Kwa hiyo nyumba si ya kabla ya reli. Imezaliwa kati ya wajenzi wa reli na vita ile. Zaidi ya hapo sisemi.

Sasa ukuta. Hapa naomba mnivumilie, maana hii ndiyo kazi yangu.

Miti ilichimbiwa chini, karibukaribu. Fito zikalazwa kwa ndani na kwa nje, zikafungwa kwa kamba. Katikati yakajazwa mawe madogo na udongo, halafu ukuta ukakandikwa kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na kulazwa. Mchwa amekwisha usaga udongo ule vizuri kuliko mashine yoyote. Kisha ukasiribwa kwa udongo laini, mwisho chokaa. Juu ya kuta kuna mtambaapanya, na makombamoyo yanapanda mpaka kwenye mwamba. Mwamba wa ukumbi ni gogo moja la mkumi. Ndiyo, mkumi ule ule uliowapa watu wa Mikumi jina la mji wao. Watu wa pwani huuita mvumo. Gogo lake likikauka mchwa hulizunguka, akanusa, akaenda zake. Bibi alisema liliburutwa na watu wanane kutoka uwanda wa Mikumi kabla ya kuwapo treni ya kwenda huko, nami, mtoto wa Mikumi, nililala miaka minne chini ya mti wa kwetu. Paa lilikuwa la nyasi, baadaye la madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa, mwisho bati. Madebe mengine bado yako jikoni.

Nyumba ya namna hii ni kazi isiyokwisha. Kila mwaka baada ya masika Bibi alitukusanya, wapangaji kwa wanafunzi, tukakanyaga udongo uani na kuziba palipobomoka. Ilikuwa siku moja ya kazi na sufuria moja la pilau. Sisi tulidhani ni adhabu ya umaskini. Hapo ndipo penye kosa langu.

Nilipotoka shuleni nilisomea ujenzi. Nilirudi Kilosa mwaka 1984, fundi kamili, mwenye kalamu mfukoni na futi ya kukunja. Mnakumbuka miaka ile saruji ilivyokuwa: bila kibali huipati, na ukiipata watu wanakuuliza umeipataje. Mimi nilikuwa na kibali, msinitazame hivyo. Nilipata mifuko kumi na miwili, nikampelekea Bibi kama zawadi, ili kumtoa katika nyumba ya tope na kumwingiza katika nyumba ya kisasa. Mwalimu Nyerere alikwisha sema wazi mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, kwamba tumelewa saruji na bati kiasi cha kudharau udongo tulio nao. Serikali ilikuwa imeunda kitengo cha utafiti wa majengo tangu mwaka 1971, ili mafundi kama mimi tujifunze kutumia vifaa vya nyumbani. Nilivisoma vijitabu vyao. Nilifaulu mtihani juu yake. Kisha nikafanya kinyume.

Bibi alisimama uani akiniangalia nikitandaza wavu wa kuku juu ya ukuta. Akauliza, "Mume wangu, na ukuta utahema wapi?" Nikacheka. Nikamwambia ukuta hauhemi, Bibi, ukuta hauna mapafu. Nikapiga lipu ya saruji ukuta wa kulia wote, nje na ndani, na kona ya mbele. Nikamwaga sakafu ya saruji katika vyumba vitatu vya kulia, mpaka kwenye mizizi ya miti ya ukuta. Saruji ikaisha. Upande wa kushoto ukabaki kama ulivyokuwa, na niliahidi kurudi kuumaliza. Sikurudi. Bibi alifariki mwaka 1996, akiwa na nyumba yenye uso mmoja wa kijivu na mwingine wa chokaa, na kila aliyemtembelea alionyeshwa upande wa kijivu: "Huu kanijengea mume wangu wa Mikumi."

Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ikafurika. Wengi mnazijua habari zile: maji yalivunja tuta, mitaa ya bondeni ikazama, maelfu ya watu wakahamia katika mahema, na njia ya reli ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Nyumba ya Bibi haiko bondeni kabisa, ila maji yalifika. Yalisimama ndani siku mbili, kimo cha mapaja.

Upande wa kushoto, ule wa udongo mtupu, ulitisha kuutazama. Udongo ulimomonyoka wote mpaka kimo cha maji, miti ikabaki wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Jirani wakasema nyumba imekwisha. Lakini miti ilikuwa mizima. Jua lilipotoka ikakauka, wajukuu wakakanda udongo, na baada ya wiki tatu ukuta ukawa ukuta.

Upande wa kulia, upande wangu, haukuonyesha hata ufa. Watu waliusifu. Wakahamishia humo vitanda, kwa vile ndio uliokuwa imara. Siku ya kumi na moja baada ya maji kupungua, saa sita mchana, ukuta wote wa kulia ulilala nje kwa mara moja, pamoja na paa lake. Watoto walikuwa shambani. Alikufa bata mmoja. Ingekuwa usiku, leo nisingesimama hapa nikifanya mzaha.

Nilifika Machi mwaka 2010. Nilichukua mti mmoja ulioanguka nikaubonyeza kwa kidole pale ulipokuwa ukiingia chini, kidole kikazama kama katika mkate uliochovywa chai. Kuoza kule si kwa siku kumi na moja. Kulikuwa kwa miaka ishirini na mitano. Udongo hunywa maji na kuyatoa: unyevu hupanda kutoka chini kila masika, na kila kiangazi hutoka kwa kupitia uso wa ukuta. Mimi nilikuwa nimeufunga uso ule pande zote mbili, nikaziba na chini kwa sakafu. Unyevu ukaingia ukakosa mlango. Miti ikaoza polepole ndani ya koti la saruji, na koti ndilo lililokuwa likiisimamisha nyumba. Gharika ilikuja kumalizia tu.

Miti ya kushoto, iliyochimbiwa siku ile ile, kwa mikono ile ile, bado ukiipiga kwa nyundo inalia.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nakaribia.

Mtu ataniuliza, kwa nini Serikali isiilinde? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Hii yetu ni changa kwa karibu nusu karne. Jengo la baadaye hulindwa likitangazwa, na sijaona nyumba ya mpangishaji wa vibarua ikitangazwa. Watu hutangaza maboma. Sina neno na maboma, lakini mwanafunzi akijifunza Kilosa kwa boma peke yake atajua mtawala alilala wapi, na yule aliyefunga mataruma ya reli hatajua alilala wapi.

Wenye nyumba ni wajukuu watano. Wanataka kuibomoa yote na kujenga fremu za maduka kwa matofali. Siwalaumu. Treni ya umeme imeanza tangu mwaka 2024 na inasimama Kilosa, viwanja vimepanda bei, na wao ndio wanaolala humo ikivuja, siyo mimi wala ninyi. Mwaka huu waliniandikia kuniomba ushauri, kwa kuwa Bibi aliwaachia neno kwamba mimi ni fundi wa nyumba hii. Nikaenda. Nikawaeleza yote niliyowaeleza ninyi sasa hivi, habari za wavu wa kuku na za kidole. Miaka yote ile walidhani ni mto. Mkubwa wao alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, basi safari hii usituambie la kufanya. Tupigie hesabu tu."

Nimewapigia hesabu mbili. Ya kwanza ni ya fremu. Ya pili ni ya kuuinua upande wa kulia kwa miti na udongo kama zamani, juu ya msingi wa mawe ili miti isiguse ardhi, na kusiribwa bila saruji. Hii ya pili ni nafuu kwa vifaa lakini ni ghali kwa mikono, maana inahitaji watu wa kukandika kila mwaka, na wapangaji wa leo hawakubali kulipwa pilau. Tena boriti za mikoko siku hizi hazikatwi ovyo, na mikumi mingi ya kwetu imo ndani ya Hifadhi tangu mwaka 1964. Lile gogo la ukumbini likivunjika hatutapata jingine kama lile. Hivi sasa limeanza kupinda, kwa sababu upande mmoja halina pa kuegemea. Nimelisimamishia nguzo mbili za muda.

Wajukuu wamesema wataamua kabla ya masika. Sikuja kuwachangisha fedha, msishike mifuko. Nawaomba vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne, pamoja na mwalimu wao wa historia na yule wa jiografia, waje Kilosa Jumamosi mbili tuipime nyumba ile: kila chumba, kila mlango, unene wa ukuta, kimo cha baraza, jinsi fito zilivyofungwa. Tuichore kwa kipimo. Na wengine wakae na wazee wa mtaa ule wawaulize nani alipanga chumba gani, kwa kazi gani, kwa kodi ya kiasi gani. Ikibaki, mchoro utamsaidia fundi. Ikibomolewa, mchoro utakaa katika maktaba ya shule hii.

Mje na futi ya kamba ya mita thelathini, kamba nyembamba, na tochi kwa ajili ya darini. Viatu vya kufunika, maana kuna misumari ya bati. Ufunguo uko kwa mjukuu mkubwa, nami nimekwisha mwambia. Mkifika, msipitilize mpaka uani. Ketini kwanza barazani mpaka mkaribishwe.